Maswali ya wasomaji: Tangawizi yenye kileo kikali, na chupa zilizopasuka jikoni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Mtwapa, mhudumu wa hoteli, na kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikijaribu kutengeneza nyumbani bia ya tangawizi yenye nguvu, si ile ya kuburudisha koo tu. Shabaha yangu ni kileo cha asilimia 15. Mara ya mwisho nilitumia lita 5 za maji, kilo 3 za sukari, nusu kilo ya tangawizi, ndimu kumi na pakiti tatu za hamira ya mkate, vyote ndani ya jerikeni. Povu lilipanda kwa siku mbili, siku ya nne likatulia, nikajaza chupa za glasi na kuziba. Usiku wa tatu chupa mbili zilipasuka na vigae vikaruka hadi dirishani. Zilizobaki nimezionja, ni tamu kama asali na hazilevyi. Nimekosea wapi?
Msomaji, Mtwapa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Namshukuru Mungu kwamba zilipasuka usiku, jikoni kukiwa hakuna mtu. Kabla sijaeleza kosa, shughulikia chupa zilizobaki leo hii. Zifunike kwa blanketi zito kabla ya kuzigusa, vaa miwani na nguo ya mikono mirefu, kisha zihamishie kwenye friji moja moja bila kuzitikisa, na uziache humo usiku kucha. Baridi huifanya hamira isinzie na huishikilia gesi ndani ya kinywaji. Kesho yake kifunike kila kizibo kwa taulo iliyokunjwa mara kadhaa, ukifungue polepole juu ya beseni, na umimine kila kitu ndani ya jerikeni safi ambayo mfuniko wake hautakazwa. Usimwage, kwa sababu nitakuonyesha jinsi ya kukiokoa.

Sasa tufanye hesabu. Kilo 3 za sukari zikiyeyuka huongeza takriban lita 1.9 juu ya maji yako, kwa hiyo ulikuwa na karibu lita 7 za mchanganyiko, kila lita ikibeba zaidi ya gramu 430 za sukari. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba gramu 17 za sukari katika lita moja, zikiliwa zote na hamira, hutoa takriban asilimia 1 ya kileo. Hesabu yako basi ilikuwa ikielekea asilimia 25, kiwango ambacho hakuna hamira ya kawaida inayokifikia ikiwa hai. Ulidhani unaipa chakula kingi ili ifanye kazi nyingi, kumbe ulikuwa unaikausha. Mtazame mwanamke anayetengeneza ng'onda: samaki akilazwa katika chumvi, maji yake hutoka yenyewe hadi nyama ikakaza. Sukari nyingi huifanyia hamira vivyo hivyo, kwa kuwa kila chembe ya hamira ni kiumbe hai chenye ngozi laini na maji ndani yake, na maji hayo huvutwa nje na utamu unaoizunguka. Asali iliyoiva vizuri haichachi mtungini kwa sababu hiyo hiyo.

Povu kutulia siku ya nne hakukuwa dalili ya kumaliza. Hamira ilikuwa imechoka, na katika joto la chupa iliyozibwa ikapata nguvu kidogo ya kuendelea. Hiyo nguvu kidogo ilitosha kabisa. Gramu 4 tu za sukari zikichachia ndani ya chupa ya lita moja hutoa karibu lita moja ya gesi. Soda ya dukani, ile inayotoa mlio mkubwa unapoifungua, hubeba gesi ya mara tatu au nne ya ujazo wake. Chupa zako zilikuwa na mamia ya gramu za sukari katika kila lita, na gramu 40 pekee zingetoa gesi ya mara kumi ya ujazo. Hakuna glasi ya kawaida ya kustahimili hilo. Kwa hiyo amri ya kwanza ya kazi hii, na ninakuomba uishike kuliko nyingine zote, ni kutoziba kitu chochote ambacho bado kina utamu na hamira hai.

Kuhusu kuokoa ulichonacho: kiongeze maji yaliyochemshwa na kupoa, kiasi sawa na kinywaji chenyewe, kisha utie hamira mpya iliyoamshwa kama nitakavyoeleza. Sukari itashuka hadi kiwango ambacho hamira inaweza kupumua ndani yake. Huenda utamu fulani ukabaki mwishoni, na ukibaki, kinywaji hicho usikizibe kamwe. Kinywe kikitoka kwenye friji, katika chombo chenye mfuniko uliolegezwa.

Jaribio lijalo ulianze hivi, kwa kipimo cha lita 5 zilizokamilika, yaani pamoja na ujazo wa sukari. Sukari yote iwe kilo 1, lakini isiingie kwa siku moja. Anza na gramu 700, siku ya tatu ongeza gramu 150, na siku ya tano ongeza gramu 150 zilizobaki, kila mara ukiyeyusha sukari hiyo kwanza katika kikombe cha kinywaji chenyewe na kuimimina taratibu, kwa maana sukari kavu ikitupwa ndani ya kinywaji kinachochacha hufumua povu lote juu ya sakafu. Gramu 200 kwa lita, ukigawanya kwa 17, zinakupa kati ya asilimia 11 na 12. Hamira haikutani na utamu wote kwa pamoja, na huingia katika kileo kikali ikiwa tayari imezaliana na kuwa jeshi.

Kuhusu aina ya hamira, ile ya mkate mara nyingi huchoka kileo kinapofika asilimia 8 hadi 10, kwa hiyo ukiitumia punguza sukari yote iwe gramu 850. Hamira ya divai huvumilia zaidi. Ile inayojulikana kama EC-1118 hufika hadi asilimia 18 ikilishwa vizuri, na kwa hiyo shabaha yako ya 15 inawezekana kwa kilo 1 na robo ya sukari katika lita 5, lakini si kabla ya kufaulu mara mbili tatu katika 11. Mbegu ya chachu inayokuzwa katika gudulia kwa kulishwa tangawizi na sukari kila siku hutoa ladha nzuri sana na kileo kidogo tu. Waingereza walikuwa na mbegu yao, mabonge yanayofanana na jeli, ambayo mtaalamu wa mimea Harry Marshall Ward aliyachunguza na mwaka 1892 akaeleza kwamba ndani yake hamira na bakteria huishi pamoja kama wapangaji wa nyumba moja. Ni elimu tamu, lakini haitakufikisha unakotaka.

Hamira kavu usiitupe moja kwa moja ndani ya sukari. Chukua gramu 5 au 6, yaani vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, uinyunyize juu ya kikombe cha maji ya uvuguvugu yasiyo na sukari, uiache robo saa, na utaona inavimba na kutoa harufu ya mkate mbichi. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: sukari nyeupe ni nishati tupu, na hamira inahitaji pia lishe ya naitrojeni ili izaliane. Tangawizi haina lishe hiyo ya kutosha. Chemsha pamoja na tangawizi kijiko cha chai cha hamira ya mkate, ambayo itakufa na kuwa chakula cha wenzake, na uongeze zabibu kavu kiganja kimoja zilizokatwakatwa. Wapo wanaoandika kuhusu kuongeza DAP, chumvi yenye naitrojeni. Nakusihi sana, ile DAP inayouzwa kwa magunia katika maduka ya pembejeo ni mbolea ya shambani, haikutengenezwa iingie tumboni mwa mtu, na isikaribie jerikeni yako.

Tangawizi yenyewe itafute Marikiti au Kongowea, na usichague kwa ukubwa. Shika kidole kimoja: kiwe kizito, ngozi imekaza, na ukikivunja kitoe mlio mkavu na harufu ipande puani papo hapo. Nusu kilo inatosha, lakini igawanye. Robo kilo ioshe, iponde kwenye kinu na maganda yake, uichemshe dakika 20 pamoja na maji na sukari ya kwanza, iache ipoe mpaka chini ya nyuzi 30 za Selsiasi, kisha uichuje kwa kitambaa cha melimeli. Robo iliyobaki isubiri kwenye friji hadi uchachu ukamilike, ndipo uikate vipande vyembamba na kuiloweka kwa siku mbili au tatu. Sababu yake ni kwamba ukali wa tangawizi mbichi unatokana hasa na kitu kiitwacho jinjeroli, ambacho kikipikwa hugeuka kwa sehemu kuwa zinjeroni iliyo pole, na tangawizi ikikaushwa hugeuka kuwa shogaoli iliyo kali zaidi; ndiyo maana kijiko cha tangawizi ya unga ndani ya kahawa hukwaruza koo kuliko kipande kizima kibichi ndani ya mchuzi. Kileo huunyonya ukali huo vizuri kuliko maji, na kwa hiyo vipande utakavyoloweka mwishoni ndivyo vitakavyofanya kazi kubwa.

Ndimu zako kumi nazo zilichangia kukwama. Nilipokuwa bado nafundisha kemia niliwahi kupoteza ndoo nzima kwa kosa hilo hilo: nilikamua ndimu zote siku ya kwanza nikidhani nalinda kinywaji dhidi ya vijidudu, na siku ya tatu nilipoinamisha sikio juu ya ndoo sikusikia kitu, hata ule mchemko mdogo kama wa mvua ya mbali. Hamira inapofanya kazi huongeza yenyewe uchungu wa asidi, na ukiitangulia kwa ndimu nyingi hufika mahali haiwezi kuendelea. Anza na ndimu moja, na nyingine zikamue mwishoni kwa kuonja.

Joto letu la Mombasa linahitaji uangalifu wa pekee. Kati ya Januari na Aprili chumba kisicho na feni hupita nyuzi 30 mchana, na uchachu wenyewe huongeza joto juu ya hilo, na matokeo yake ni vileo vizito vyenye harufu ya rangi ya kucha na maumivu ya kichwa asubuhi. Weka jerikeni ndani ya beseni la maji, kwenye sakafu ya saruji, uifunike kwa kitambaa kilicholowa ambacho ncha zake zinagusa maji, uelekeze feni hapo, na utie chupa ya maji yaliyoganda ndani ya beseni asubuhi na jioni. Ukiweza kusubiri, fanya kazi hii wakati wa kusi, Juni hadi Agosti. Jerikeni iwe ya chakula, isiyowahi kubeba rangi, mafuta ya taa wala dawa, na sufuria ya alumini usiiachie kinywaji chenye asidi kwa siku nyingi. Gesi itoke kwa mrija mwembamba unaoishia ndani ya glasi ya maji: viputo hutoka, hewa na nzi haviingii.

Utajuaje kwamba kimekwisha? Nunua haidromita; ni kifaa cha glasi kinachoelea na kupima uzito wa kinywaji ukilinganishwa na wa maji, ambayo ni 1.000, na ndicho macho yako katika kazi hii. Sukari ya kwanza itakisimamisha karibu na 1.054, na mwishoni kitazama hadi kati ya 0.990 na 1.000. Kikisoma namba ile ile siku tatu mfululizo, na ulimi usikute utamu wowote, basi kimekamilika, na kwa kawaida itakuwa wiki moja hadi mbili. Kichuje mashapo, loweka tangawizi ya pili, kisha jaza chupa za plastiki za soda, si za glasi, ukiongeza gramu 6 za sukari kwa lita ili kipate gesi. Plastiki hukuambia hali yake: ibonye kila siku, na siku itakapokuwa ngumu kama jiwe, zote ziende kwenye friji. Hamira ya mkate iliyochoka inaweza kushindwa kutoa gesi hiyo ya mwisho, na hapo utakunywa kinywaji kilichotulia, ambacho kwa maoni yangu si kibaya hata kidogo.

Kumbuka nguvu yake. Nusu lita ya kinywaji cha asilimia 11 ina kileo cha chupa mbili na nusu hivi za bia ya kawaida ya nusu lita, na ukali wa tangawizi huuficha kwenye ulimi. Andika kwenye kila chupa, kwa herufi kubwa, kwamba ni kileo, kwa kuwa mtoto wa Mombasa akiona chupa ya soda yenye harufu ya tangawizi atadhani ni Stoney. Na kwa upande wa serikali, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataja leseni kwa kutengeneza, si kwa kuuza peke yake. Wewe unafanya kazi hotelini na najua kishawishi kitakuja. Kabla hujamuuzia mtu hata glasi moja, fika kwenye ofisi ya leseni za vileo ya kaunti na uulize ana kwa ana.

SWALI: Mwalimu, salaam aleikum. Mimi ni mama wa Mji wa Kale. Sharubati yangu ya tangawizi na ndimu niliyoiandaa kwa futari ilibaki, nikaiacha mezani siku mbili kwa kuwa friji imejaa. Nilipofungua ilitoa mlio na ina viputo. Watoto wamekunywa kidogo. Je, imekuwa pombe?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Wa aleikum salaam, Bibi. Ndiyo, ilikuwa imeanza kuchacha. Hamira za mwituni hukaa juu ya maganda ya tangawizi na ndimu, na kwa joto letu siku mbili zinawatosha kuamka. Kileo kilichokuwamo ni kidogo sana, na watoto waliokunywa kidogo hawatadhurika, lakini si sifuri, na kila siku kingezidi. Ni wapi hasa mpaka wa halali unapopita katika kinywaji kilichoanza kuchacha ni suala la kumuuliza shehe unayemwamini; mimi nitakupa njia ya kutofika kwenye swali hilo.

Imenye tangawizi, uichemshe kwa dakika kumi na tano, tia sukari ikiwa bado motoni, na uimimine moja kwa moja ndani ya chupa iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka. Ndimu ikamue wakati wa kuandaa meza tu. Ukiifanya nzito, yaani sukari nyingi na maji kidogo, chupa moja ndogo itakaa kwenye friji bila kuchukua nafasi, na jioni utaongeza maji baridi au maji ya soda, nao watoto watapata viputo vyao bila uchachu.

SWALI: Mwalimu, niko Changamwe. Pombe yangu ya tangawizi imekaa mwezi mzima katika ndoo iliyofunikwa kwa sahani, na sasa imegeuka chungu kama siki. Jirani ananishauri niikeneke, yaani niichemshe na kukusanya mvuke wake, ili ile nguvu itoke. Wasemaje?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Ndugu yangu, nasema hapana, na ninasema hivyo kwa moyo wote. Nguvu unayoitafuta haimo tena. Kuna bakteria wanaohitaji hewa, ambao hula kileo na kukigeuza asidi ya siki, na ndoo iliyofunikwa kwa sahani ni nyumba yao hasa. Umeona mnazi: wa asubuhi ni mtamu, wa jioni ni mkali, wa siku ya tatu ni siki. Ukikeneka ulichonacho utapata matone machache na mvuke wa kileo ukizunguka jiko la moto katika chumba chako, nao mvuke huo hushika moto upesi. Isitoshe, kukeneka bila leseni ni kosa.

Watu husema kwamba anayekeneka nyumbani huua kwa methanoli. Ukweli ni kwamba sukari na tangawizi hutoa methanoli kidogo mno. Misiba mikubwa ya nchi hii, kama ule wa Novemba 2000 ambapo zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya Nairobi, ilitokana na methanoli ya viwandani iliyotiwa ndani ya pombe. Nakueleza hili ili ujue hatari nyingine iliyopo: siku utakapoanza kununua pombe iliyokenekwa ya mtu mwingine ili uchanganye na yako, hutakuwa na njia ya kujua kilichomo, kwa kuwa methanoli haitambuliki kwa rangi wala kwa kuonja.

Usiimwage hiyo yako, lakini. Ichuje, uiongeze maji kidogo ikiwa ilikuwa kali sana, uifunike kwa melimeli badala ya sahani ili ipumue bila nzi, na uiache wiki tatu nyingine mahali pa kivuli. Utando mweupe ukijitandaza juu yake kama ngozi ya maziwa, usiuondoe. Ndio unaofanya kazi. Baada ya hapo ichemshe kidogo, uitie chupani, na wakati wa maembe mabichi utakuwa na siki ya tangawizi ya kutengenezea achari.